Donge Moja

Jana, Hongmei, ukimenya figili, uliniuliza
mbona hapa hatutii mafuta ya nguruwe,
na mbona mimi, wateja wamejaa hadi mlangoni,
nanawa mpaka viwiko kisha napotelea stoo.
Nilikuwa na sufuria mikononi. Nikasema: kesho.

Kesho ndiyo hii. Lanzhou bado imelala,
Mto wa Njano unapita chini ya daraja lisilo taa.
Kaa juu ya gunia. Tazama mikono yangu.

Hili ni donge. Nalivuta, nalikunja: nyuzi mbili.
Navuta tena: nne. Nane. Kumi na sita.
Mkunjo wa nane, mia mbili hamsini na sita,
nyembamba kama nywele za mtoto, na huwezi
kunionyesha lilipokatwa, maana halikukatwa.
Lakini mfano huu usiupeleke mbali.
Mungu si unga. Hana mfano, hana mwenza,
hana wa kumrithi. Nataka tu ujue
mikono yangu inakumbuka nini
ulimi unaposema Mmoja.

Neno hilo ndilo mlango. Unalitamka, moyo ukiwa shahidi:
hapana mola ila Yeye, na Muhammad ni mtume wake.
Walimtangulia wengi, Ibrahimu, Musa, Isa,
kila mmoja na watu wake.
Babu yangu, Tie Wencheng, aliyeandika Kiarabu
kwa brashi ya Kichina, alikuwa akisema:
wapeleka barua wengi, mwandishi mmoja.

Swala ni tano. Ya kwanza ni sasa, kabla ya moto.
Kati ya magunia ya pilipili na madebe ya siki
nina mkeka, upana wake upana wa mlango.
Naelekea magharibi, ziendako treni za Xinjiang,
na mbele zaidi, reli inapokwisha.
Paji la uso likigusa sakafu
goti la kushoto hulalamika. Nalo husikilizwa.

Hijja sijaenda. Pesa zilitimia mara moja,
zikaingia hospitali pamoja na mume wangu.
Hazikurudi, wala yeye.
Safari ile ni ya mwenye uwezo; sidaiwi.
Kuhusu yeye, naambiwa niseme imeandikwa,
nami nasema. Siku nyingine nasema polepole.

Ile bahasha nyuma ya saa, uliyodhani nimeisahau:
katika kila arubaini, moja si yangu.
Ni ya fundi Sha, aliyekatwa vidole na mashine,
na ya wengine usiowajua. Nikiichelewesha, nimeiba.
Wapo malaika wanaoandika, na iko siku
tutafufuliwa, ioneshwe mizani isiyopunjwa.
Ndiyo maana napima nyama yako ukiwa unatazama,
na napima vilevile ukiwa umegeuka.

Mwezi ujao ni Ramadhani. Toka alfajiri hadi magharibi
nitapika supu nisiyoionja.
Wapo wanaosema kuonja bila kumeza si kosa;
mimi sijiamini.
Mwaka jana nilizidisha chumvi siku sita mfululizo,
wateja wakanywa chai nyingi, wakanyamaza.
Mwaka huu, ulimi utakuwa wako.

Ah, nguruwe. Hilo ndilo uliloanza nalo,
watu wote huanzia jikoni.
Tumekatazwa, tukatii. Sina jibu refu kuliko hilo,
na usiku wa jana nililitafuta.

Sikuambii haya ili uwe kama mimi.
Imani ikivutwa kwa nguvu hukatika,
hata ingekandwa na nani.
Haya, washa jiko. Mimi nakwenda stoo.

*

Siku ya tisa nimeamka baridi ikiuma vidole.
Mlangoni pa stoo nimekuta birika langu,
lile la mdomo mrefu, limejaa,
maji yake vuguvugu, taulo limekunjwa pembeni.
Wewe uko kwenye figili, umenipa mgongo.

Hukusema kitu. Sikukuuliza.
Nimenawa mpaka viwiko.